Soda ni ya bei nafuu, lakini bili ya hospitali hulipwa na umma

KATIKA nyumba nyingi nchini, mgeni wa heshima hakaribishwi kwa maji matupu. Mtoto hutumwa dukani mbio, naye hurejea na soda. Arusini ni soda, matangani ni soda, na hata tunapokwenda hospitalini kumjulia hali mgonjwa, aghalabu mfuko tuliobeba huwa na sharubati ya dukani kando ya mkate. Vinywaji hivi vimekuwa ishara ya ukarimu, na si rahisi kumshawishi mtu kwamba kitu kinachotolewa kwa moyo mkunjufu namna hiyo kinaweza kuleta deni.

Hata hivyo, deni lipo, ila halilipwi dukani. Bei anayotozwa mnunuzi kwenye kioski hujumuisha gharama ya kiwanda, usafirishaji, faida ya muuzaji na ushuru kidogo. Gharama ya maradhi yanayoweza kufuata miaka mingi baadaye haimo. Hiyo hulipwa na jamaa za mgonjwa, na bima ya umma, na hospitali za kaunti, na mwishowe na kila mlipa ushuru, hata yule ambaye tangu azaliwe hakupenda vitu vitamu.

Ni muhimu kwa hivyo mwananchi aelewe jinsi deni hilo linavyojengeka, ukubwa wake, na hatua ambazo mataifa mengine yamechukua kulipunguza.

Sukari ya kunywa si sawa na ya kutafuna

Mnamo 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu sukari. Lilipendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na maji ya matunda yaliyokamuliwa, isizidi asilimia 10 ya nguvu zote ambazo mtu hupata kwa siku kutokana na chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida, kiwango hicho ni takriban gramu 50. Shirika hilo liliongeza kwamba ingefaa zaidi kiasi hicho kipungue hadi asilimia tano, yaani gramu 25, ambazo ni kama vijiko sita vya chai.

Soda ya kawaida ya aina ya kola huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 kwa hivyo hubeba takriban gramu 32, sawa na vijiko vinane. Anayekunywa chupa moja tu amekwisha kupita kiwango cha vijiko sita kabla hajaonja chai ya jioni. Akinywa chupa moja kila siku kwa mwaka mzima, atakuwa amemeza zaidi ya kilo 11 za sukari kupitia soda pekee.

Tatizo haliko katika kiasi peke yake. Mtu anapokula embe zima au kipande cha muhogo, hutafuna, tumbo hujaa, nazo nyuzi za chakula hicho huchelewesha sukari kuingia katika damu. Sukari iliyoyeyushwa ndani ya maji haina kizuizi hicho. Hupita kasi, huingia katika damu kwa wingi kwa muda mfupi, na haimfanyi mnywaji ahisi ameshiba. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa soda kubwa kisha akala sahani nzima ya wali kana kwamba hakuwa ametia chochote tumboni.

Jambo hili linahusu vinywaji vingi ambavyo hatuviiti soda. Sharubati za pakiti, poda za kukoroga zenye rangi na ladha ya matunda, vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyopendwa na vijana na madereva wa masafa marefu, vyote vimo katika kundi hili iwapo vimetiwa sukari. Vivyo hivyo chai yetu. Anayetia vijiko vitatu katika kikombe na kunywa vikombe vitatu kwa siku amefikia gramu 36.

Kutoka kongosho hadi kwenye figo

Kila sukari inapopanda katika damu, kongosho hutoa homoni ya insulini ili kuiingiza katika seli za mwili. Ini nalo hubeba mzigo wake, kwani sehemu ya sukari hiyo hushughulikiwa humo, na ikizidi hugeuzwa kuwa mafuta. Mwili unaporudia kazi hiyo mara nyingi kila siku kwa miaka, uzani huongezeka, mafuta hujilimbikiza kwenye ini na tumboni, na seli huanza kuizoea insulini hadi zikawa haziiitikii ipasavyo. Huo ndio mwanzo wa kisukari cha aina ya pili.

Inafaa kusisitiza kwamba si kila kisukari hutokana na sukari. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwapata watoto na vijana, hutokea mwili unaposhambulia kongosho lake wenyewe, na hakuna mzazi anayestahili kulaumiwa kwa sababu hiyo. Hata kile cha aina ya pili huchangiwa pia na urithi, umri, na ukosefu wa mazoezi. Lakini mchango wa vinywaji vitamu umethibitishwa mara nyingi. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba watu waliokunywa chupa moja au mbili kwa siku walikuwa katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 26 zaidi ya wale ambao hawakunywa kabisa au walikunywa kwa nadra.

Mnamo Januari 2025, watafiti wakiongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha makadirio ya nchi 184. Walikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 vinywaji vyenye sukari vilihusishwa na visa vipya milioni 2.2 vya kisukari cha aina ya pili na visa vipya milioni 1.2 vya maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Barani Afrika, kusini mwa jangwa la Sahara, zaidi ya kisa kimoja kati ya kila visa vitano vipya vya kisukari kilihusishwa na vinywaji hivi.

Humu nchini, Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulibaini kwamba asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa kati ya miaka 20 na 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi, ilhali kwa wanaume ilikuwa asilimia 19. Uzani huo haukuletwa na soda pekee, lakini unaonyesha kwamba udongo ambamo kisukari huota umekwisha kutayarishwa.

Ugonjwa huu una hila moja: hauumi mwanzoni. Mtu anaweza kuishi nao miaka kadhaa akidhani kiu na uchovu ni kazi tu. Wakati huo sukari iliyozidi katika damu huharibu mishipa midogo ya macho, ya miguu na ya figo, pamoja na mishipa mikubwa ya moyo na ubongo. Anapofika hospitalini, mara nyingi haendi kwa sababu ya kisukari. Huenda kwa sababu kidonda cha mguu hakiponi, au macho yanafifia, au miguu imevimba kwa kuwa figo zimelegea. Na hapo ndipo gharama huanza kupanda kama maji ya mafuriko.

Hesabu ya chupa na mashine

Dawa za kawaida za kisukari katika hatua za mwanzo si za bei ya kutisha. Kinachoyumbisha mifuko ya familia na ya serikali ni matatizo yanayofuata, hasa figo kushindwa kufanya kazi. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo vyanzo vikuu vya hali hiyo. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara mbili kwa wiki, maisha yake yote au hadi apandikizwe figo nyingine.

Chini ya bima ya zamani ya NHIF, hospitali zililipwa Sh9,500 kwa kila kikao cha kusafisha damu. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF kuanzia Oktoba 2024, ilipandisha kiwango hicho hadi Sh10,650. Vikao viwili kwa wiki ni vikao 104 kwa mwaka. Mgonjwa mmoja kwa hivyo huigharimu bima ya umma Sh1,107,600 kila mwaka, bila kuhesabu dawa, vipimo na siku anazolazwa.

Fedha hizo hutoka wapi? Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, naye asiye na ajira rasmi hulipa kulingana na hali ya maisha yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Tukigawanya, tutaona kwamba michango ya mwaka mzima ya watu 307 wanaolipa kiwango cha chini haitoshi kumsafisha damu mgonjwa mmoja kwa mwaka mmoja. Mama mboga na mwendesha bodaboda wanaochanga kwa jasho wakitumaini kwamba siku watoto wao watakapougua watatibiwa, wanashindania mfuko mmoja na maradhi ambayo sehemu yake ingeweza kuzuiwa.

Kuna pia gharama zisizoandikwa katika kitabu cha bima. Mgonjwa wa figo hupoteza siku mbili za kazi kila wiki. Jamaa humsindikiza, nauli hulipwa, na anayeishi mbali na hospitali yenye mashine hulazimika kuhamia mjini. Ardhi huuzwa, karo hukosekana, na harambee za matibabu huitishwa moja baada ya nyingine hadi marafiki wakaanza kutopokea simu.

Ushuru uliosahau sukari

Kwa upande mwingine wa mizani, hebu tuone soda inachangia nini katika hazina ya umma. Katika viwango vya ushuru wa bidhaa vilivyoanza kutumika Oktoba 2022, Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilitoza Sh6.41 kwa kila lita ya soda. Chupa ya mililita 300 basi hulipa ushuru huo kwa Sh1.92 tu.

Kwa kiwango hicho, ili ushuru wa soda ugharimie kikao kimoja cha kusafisha damu, lazima ziuzwe chupa zaidi ya 5,500. Mtu anayekunywa chupa moja kila siku angehitaji miaka 15 ili ushuru aliolipa ulingane na kikao hicho kimoja, nacho ni cha saa chache tu. Kugharimia mwaka mzima wa mgonjwa mmoja kungehitaji chupa zipatazo 576,000. Ni kweli kwamba si kila mnywaji ataugua, na ni kweli pia kwamba soda hulipiwa ushuru wa thamani ya ziada. Lakini ushuru huo hutozwa bidhaa nyingine nyingi ambazo hazimdhuru mtu. Ushuru wa bidhaa ndio ambao kwa kawaida hulengwa kwa vitu vyenye madhara, kama sigara na pombe.

La kushangaza zaidi ni jinsi viwango hivyo vilivyopangwa. Maji ya chupa na soda viliwekwa katika fungu moja, kila kimoja kikitozwa Sh6.41 kwa lita. Maji ya matunda na mboga yalitozwa Sh14.14 kwa lita, yawe yametiwa sukari au la. Kwa hivyo mwenye kiu anayechagua maji halisi hakupata nafuu yoyote ya ushuru, na kiwanda kinachopunguza sukari hakikupata tuzo. Ushuru ulipima ujazo wa chupa badala ya kupima utamu uliomo ndani yake.

Isitoshe, Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa utaratibu wa kurekebisha viwango vya ushuru wa bidhaa kila mwaka kulingana na mfumko wa bei. Shilingi sita zisizoongezeka huku bei za vitu vingine zikipanda ni sawa na ushuru unaopungua polepole.

Yaliyofanywa na wengine

Mexico, mojawapo ya nchi ambazo raia wake hunywa soda kwa wingi zaidi duniani, ilianza kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji kilichotiwa sukari mnamo Januari 2014. Bei ilipanda kwa takriban asilimia 10. Watafiti waliochunguza manunuzi ya familia waligundua kwamba ununuzi wa vinywaji hivyo ulipungua kwa asilimia 5.5 katika mwaka wa kwanza na asilimia 9.7 katika mwaka wa pili. Familia za kipato cha chini ndizo zilizopunguza zaidi.

Uingereza ilitumia mbinu tofauti. Ilitangaza ushuru wake 2016, ikaanza kuutoza Aprili 2018. Kinywaji chenye gramu tano hadi nane za sukari kwa mililita 100 kilitozwa peni 18 kwa lita, na chenye gramu nane au zaidi peni 24. Kilichokuwa chini ya gramu tano hakikutozwa chochote. Kwa kuwa viwanda vilipewa miaka miwili ya kujiandaa, vingi vilipunguza sukari kabla ya tarehe hiyo kufika ili kukwepa ushuru. Kati ya 2015 na 2020, wastani wa sukari katika vinywaji vilivyolengwa ulishuka kwa takriban asilimia 46.

Matokeo yalionekana hospitalini. Utafiti uliochapishwa 2023 ulihusisha ushuru huo na kupungua kwa asilimia 12 kwa idadi ya watoto na vijana waliolazwa kung'olewa meno yaliyooza. Utafiti mwingine wa mwaka huo ulionyesha kwamba unene wa kupindukia miongoni mwa wasichana wa miaka 10 na 11 ulikuwa chini kwa asilimia nane ukilinganishwa na hali ambavyo ingekuwa bila ushuru, ingawa kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana.

Karibu na kwetu, Afrika Kusini ilianza Aprili 2018 kutoza senti 2.1 kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu nne katika mililita 100. Watafiti waligundua kwamba sukari ambayo familia za mijini zilipata kutokana na vinywaji hivyo ilipungua kwa zaidi ya theluthi, kwa sehemu kwa sababu watu walinunua kidogo, na kwa sehemu kwa sababu viwanda vilibadilisha mapishi.

Mnamo Julai 2025, WHO ilizitaka nchi zote zipandishe bei halisi ya tumbaku, pombe na vinywaji vyenye sukari kwa angalau asilimia 50 kufikia 2035. Kwa hivyo mjadala huu utabisha hodi bungeni, tupende tusipende.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga hatua hizi wana hoja zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba ushuru humwumiza maskini, kwa sababu shilingi tano zaidi ni nzito kwake kuliko kwa tajiri. Hoja hiyo ni ya kweli tukitazama kaunta ya duka pekee. Lakini maskini ndiye pia asiyeweza kulipia matibabu, ndiye anayepoteza kibarua akiugua, na kama ilivyodhihirika Mexico, ndiye anayepunguza ununuzi zaidi bei inapopanda. Anayefaidika kwa afya ni yeye.

Ya pili ni ajira. Viwanda vya vinywaji vimeajiri maelfu, vioski hutegemea mauzo ya soda, na wakulima wa miwa wa magharibi mwa nchi wanataka soko la sukari yao. Hofu hii haipaswi kupuuzwa. Ndiyo sababu mfumo wa kupima sukari unafaa kuliko ule wa kupima lita. Kiwanda kinaweza kuendelea kuuza chupa zile zile, kwa malori yale yale na vioski vile vile, mradi kipunguze sukari. Kuhusu mkulima wa miwa, Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiagiza sukari kutoka nje kwa kuwa inayozalishwa nchini haitoshelezi mahitaji. Upungufu wa matumizi unaweza kuanza kwa kupunguza sukari hiyo ya kigeni.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: maji yako wapi? Kuna mitaa ambako maji ya mfereji hayaaminiki, na mzazi humpa mtoto soda kwa kuwa angalau imefungwa kiwandani. Serikali inayotoza soda bila kumpa mwananchi maji safi itakuwa imemnyang'anya bila kumpa badala. Fedha za ushuru huo zingeanza na matangi na mifereji ya shule za umma na zahanati, watu wangeona zinakokwenda, na wangeukubali kwa wepesi zaidi.

Hatua zinazowezekana

Wabunge hujadili Mswada wa Fedha kila mwaka. Mabadiliko matatu yangetosha kuanzia: kuyaondoa maji katika fungu moja na soda, kutoza vinywaji kulingana na gramu za sukari kwa mililita 100, na kuvipa viwanda muda wa kutosha kubadilisha mapishi kabla ya ushuru kuanza. Hakuna hata moja linalopiga marufuku soda. Anayeitaka ataipata, ila bei yake itakaribia gharama yake ya kweli.

Shule na hospitali za umma hazihitaji kungojea bunge. Ni ajabu kwamba mgonjwa wa kisukari hufundishwa na muuguzi wodini aepuke sukari, kisha hupita kwenye kibanda cha soda kilichokodishwa na hospitali hiyo hiyo langoni. Wasimamizi wanaweza kuamua kinachouzwa ndani ya ua wao.

Nyumbani nako, msomaji, hesabu ni rahisi. Soma nyuma ya chupa, tafuta gramu za sukari kwa mililita 100, zidisha kwa ujazo, kisha ugawanye kwa nne ili upate vijiko. Punguza kijiko kimoja katika chai kwa mwezi mmoja, ulimi utazoea. Watoto wapewe maji kwanza, soda ibaki kuwa ya sikukuu kama ilivyokuwa zamani. Na aliyetimiza miaka 40, au mwenye mzazi aliyeugua kisukari, apimwe sukari ya damu hata kama hajisikii vibaya. Kipimo hicho ni tone la damu kidoleni na dakika chache za kusubiri katika zahanati.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe katika jambo hili ni Sh10,650 kila unapojengwa, mara mbili kwa wiki, kwa fedha za sote.